Nina siku 9 na laki sita, naanzia Moshi: nivuke mpaka gani bila kupanga sana?

Kijana wa Majengo:

Wakuu, habari za jioni. Leo Jumatatu nimepitishiwa likizo. Inaanza Jumamosi ya wiki ijayo, siku 9 mpaka Jumapili inayofuata. Nipo Moshi, pasipoti ninayo, mpya, haijagongwa hata muhuri mmoja. Bajeti yote ni laki sita na nitakuwa mwenyewe. Sitaki kubuku vyumba wala kufuata ratiba ya mtu. Nataka nikipapenda mahali nikae, nikipachoka nisogee.

Kichwani nina Mombasa, Nairobi na Kigali. Ipi inabebeka kwa hela hiyo? Mpakani wanataka nini? Pesa nibadilishe wapi? Kadi ya homa ya manjano sina, jamaa wa stendi wanasema siku hizi haiulizwi.

Njia Panda:

Mkuu, anza na hiyo kadi kabla hujafikiria mji wowote. Kwenye safari yako mambo yote unaweza kuyamaliza barabarani isipokuwa hilo. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika halali siku 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa keshokutwa Jumatano, siku ya kumi inaangukia Jumamosi yako ya kuondoka. Ukichomwa Alhamisi umeshachelewa. Ni sindano moja ya maisha: tangu Julai 2016 kadi haina tena kikomo cha miaka 10.

Hao wa stendi wanasema haiulizwi kwa sababu wengi wao wanavuka kwenda sokoni Taveta na kurudi jioni. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo swali linaweza kukupata siku ya kurudi nyumbani, wakati umebakiwa na nauli tu. Jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, na hakikisha wameandika tarehe na namba ya chanjo, wakasaini na kugonga muhuri. Kadi inayouzwa bila sindano ikimbie.

Sasa njia. Kwa mtu wa Moshi mwenye siku 9, mimi nasema pwani kwa mzunguko: Moshi, Holili, Taveta, Voi, Mombasa, halafu urudi kwa Lunga Lunga, Horohoro, Tanga. Hupiti barabara moja mara mbili na kila kipande ni kifupi, ukichoka unashuka.

Stendi ya Moshi panda gari la Holili. Ukikosa, panda la Himo halafu uunganishe pale. Angalia usiingizwe kwenye gari la Rombo au Tarakea. Zote zinapita Himo, lakini pale zinakunja kupanda Marangu, na mpiga debe akitaka kujaza siti atakuambia "panda tu, tunapita".

Mpakani ndipo wageni wengi wanapokosea. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania husimami jengo la Tanzania, unanyoosha hadi jengo la upande wa Kenya. Ndani kuna dirisha la Uhamiaji wa Tanzania linalokugongea kutoka, na la Kenya linalokugongea kuingia. Siku ya kurudi ni kinyume chake. Mfumo ni huo huo Namanga na Horohoro. Raia wa Tanzania halipii viza Kenya, na kile kibali cha mtandaoni cha eTA hakituhusu sisi wa Afrika Mashariki. Tovuti ikikuambia ulipe, ifunge.

Usiondoke dirishani kabla hujafungua pasipoti na kuona mihuri MIWILI ya tarehe ile ile. Jumamosi ni siku ya soko Taveta (na Jumatano pia), kwa hiyo utakuta mlolongo wa watu na boda wanaopita bila kugonga chochote. Boda atakuambia "twende, hawaulizi." Anayerudi jioni kwa Holili hana shida. Wewe utatokea Lunga Lunga, kilomita mia tatu na ushee kutoka hapo, na afisa wa kule atauliza uliingiaje Kenya. Bila muhuri umeingia kinyemela, na hapo kuna faini au mahabusu. Tazama pia idadi ya siku alizokuandikia.

Kutoka jengo la mpaka hadi mjini Taveta ni kilomita chache, boda inatosha. Taveta hadi Voi ni kama kilomita 110 za lami, matatu zinapita Maktau na Mwatate. Voi hadi Mombasa ni kama 150, lakini hii ni barabara kuu ya malori ya bandarini, na kuanzia Mazeras kuingia mjini foleni inaweza kula saa nzima. Toka Moshi kabla ya saa moja asubuhi ili saa kumi au kumi na moja jioni uwe unatafuta chumba. Ukiona saa tisa ipo na bado uko Voi, lala Voi.

Mzee wa Chenji:

Niongezee upande wa pesa, maana laki sita hailiki kwenye chakula, inaliwa kwenye kubadilisha.

Kichwani tumia shilingi 20 za kwetu kwa 1 ya Kenya. Ukiambiwa matatu ni 400, ni elfu nane. Bei halisi inapanda na kushuka, kwa hiyo asubuhi ya safari angalia ya benki kwenye simu na uiandike kwenye karatasi. Wabadilishaji wa mkononi mpakani watakutajia yao. Mfano, laki mbili kwa 20.5 ni 9,756 za Kenya, kwa 22 ni 9,090. Hiyo tofauti ya 666 ni karibu nusu ya chumba cha kulala. Piga hesabu kwa simu yako, usitumie kikokotoo anachokupa yeye.

Mchezo wao maarufu uko hivi. Anakuhesabia noti, unahesabu wewe, unakuta imepungua mia mbili. Anasema "samahani ndugu", anazichukua zote, anaongeza mia mbili juu, anakurudishia akiwa amezikunja. Wewe umeona nyongeza kwa macho, huhesabu tena, kumbe chini zimeshachomolewa noti mbili za elfu. Kwa hiyo kanuni ni moja: anayehesabu mwisho ni wewe, na zikishakuwa mkononi mwako hazirudi kwake. Imepungua? Akuletee ya kuongezea tu. Yako usimpe mpaka zake ziwe zimetimia. Benki ya mpakani ikiwa wazi, foleni yake ina faida kuliko hao jamaa.

Pia zijue noti. Elfu moja ya Kenya ya sasa ina jengo la mikutano la KICC. Ile ya zamani yenye sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta ilikufa tarehe 30 Septemba 2019, hakuna duka linaipokea. Bado kuna watu wanasubiri mgeni wa kumpa.

Usibadilishe yote mpakani. Badilisha laki moja na nusu ya kukufikisha Mombasa na kulala siku mbili, nyingine badilisha mjini. Dola kwa safari hii usihangaike nazo, utakatwa mara mbili, kununua na kuuza.

Mgawanyo wangu ungekuwa hivi: nauli za mzunguko wote pamoja na boda, weka laki moja na chenji itabaki. Vyumba usiku 7 Kenya kwa 1,500 ni 10,500 yao, yaani 210,000, na usiku mmoja Tanga 25,000. Kula 700 ya Kenya kwa siku mara 9, kama 126,000. Jumla 461,000. Laki moja iwe haiguswi, ishone mbali na pochi. Inabaki 39,000 ya viingilio na matembezi, ambayo ni kidogo. Ukipata chumba cha 1,200 badala ya 1,500, umejiongezea 42,000 kwa usiku 7. Kwa hiyo bei ya chumba ndiyo safari yako.

Ngarenaro Juu:

Jamani Arusha mmetusahau? Akija huku apande gari la Namanga, kilomita 110 hivi, avuke kwa miguu, achukue matatu ya Nairobi, kama 165 nyingine. Anaachana na zile basi ndogo za watalii zinazotoza mara mbili. Asubuhi yuko Arusha, mchana yuko Nairobi, na jioni anaweza kuwa na tiketi ya treni ya Mombasa ya kesho yake.

Kigali nako ni kuzuri, pasafi, na Mtanzania halipii viza.

Bi Mkoba:

Ngarenaro, Nairobi sawa, ila mwambie na ubaya wake: matatu zinashusha mjini kati, na ukifika giza limeingia hujui pa kulala, utakubali chumba chochote kwa bei yoyote. Kwa asiyebuku, Nairobi ni ya kuingia kabla ya saa tisa mchana au usiingie siku hiyo.

Kigali kwa siku 9 na laki sita mimi sishauri. Kwa barabara ya Singida, Nzega, Kahama hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,000, kwenda na kurudi unaacha siku nne kwenye siti. Anayeng'ang'ania ajue saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, mifuko ya plastiki inanyang'anywa mpakani, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni Umuganda: kati ya saa mbili na saa tano watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa, usafiri umesimama.

Kijana, nikuambie ya vyumba maana ndiko unakoenda kichwa kichwa. Kwanza lugha. Gesti yetu kule inaitwa lodging. Ukiuliza "hoteli iko wapi" utapelekwa kwenye ugali. Mombasa shuka Mwembe Tayari, kuna lodging nyingi za kutembea kwa miguu, na Mji wa Kale hauko mbali. Usimfuate kijana anayekushika begi akisema anajua chumba cha bei nafuu, kamisheni yake iko ndani ya hiyo bei. Ingia mwenyewe, uliza, omba kuona chumba kabla hujataja siku ngapi.

Ukiwa ndani: fungua bomba kwanza. Maji yanatoka, na ni ya chumvi au matamu? Mombasa nyumba nyingi ni ya visima vya chumvi, sabuni haitoi povu, na ya kunywa lazima ununue, sasa mtu hajaweka kwenye bajeti. Washa feni namba ya juu uisikilize, Mombasa bila feni hulali. Nyoosha chandarua utafute tundu, kule kuna malaria kama Tanga tu. Funga mlango kwa ndani na komeo, si kitasa peke yake. Halafu ndipo useme: "nikikaa usiku tatu unanifanyia ngapi?" Bei ya usiku mmoja na ya usiku tatu hazifanani. Lipa wa kwanza tu lakini kwa bei ya tatu, akikubali. Pasipoti waandike namba au wapige nakala, usiiache mapokezi.

Kula asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali maharage, jioni viazi karai au mishkaki barabarani. Hiyo 700 ya Mzee wa Chenji inatosha na chai juu, mradi usikae mkahawa wenye menyu ya picha.

Kijana wa Majengo:

Asanteni sana wakuu. Bi Mkoba shikamoo, nimekuelewa. Kesho asubuhi nafuata chanjo, na nimeamua mzunguko wa pwani. Mawili yamebaki: simu (benki yangu inatuma namba ya kuthibitisha kwa meseji), na kama kuna ulazima wa treni kutoka Voi.

Laini Mbili:

Simu: huduma ya kutumia laini nje ya nchi iwashe ukiwa bado Moshi. Ukishavuka ikagoma, huna pa kupiga. Laini ya kwetu iache ipokee meseji tu, zima data yake kabisa, vinginevyo salio litaisha kabla hujafika Mwatate. Ukiwa Taveta kaa macho, simu inaweza kudaka mtandao wa Tanzania mara wa Kenya mara wa Tanzania tena, chagua mtandao kwa mkono usiache ijichagulie.

Nunua laini ya Safaricom dukani Taveta au Voi, wanasajili kwa pasipoti, na uombe wakuwashie M-Pesa hapo hapo. Bila M-Pesa ya Kenya unapata tabu, mpaka muuza madafu anataja namba. Faida nyingine ni kwamba M-Pesa ya Vodacom ya hapa inatuma moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Safaricom. Ile laki isiyoguswa huna haja ya kutembea nayo, iache kwenye simu ya Vodacom au kwa ndugu wa kuaminika akutumie ikibidi. Tazama makato na bei ya kubadilishia kwenye ujumbe kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Treni: SGR yao ina kituo Voi, lakini kiko nje ya mji, na kule mwisho kinakushusha Miritini, nje ya kisiwa, ukaanze tena matatu. Kwa kipande cha Voi hadi Mombasa, matatu inakufikisha mjini moja kwa moja. Treni ina maana kama unatoka Nairobi: daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, unakata kwa *639# na kulipa kwa M-Pesa, ya wikiendi inajaa mapema. Fika saa moja kabla, kuna kukaguliwa na mizigo kupangwa chini ipitiwe na mbwa, na kisu cha matunda kitabaki pale. Jambo moja linawapiga Watanzania: tiketi imeandikwa 8:00 na mtu anaisoma saa nane mchana. Ni saa mbili asubuhi.

Na kondakta akikutajia bei kwa lugha ya mjini, "mbao" ni ishirini, "finje" hamsini, "soo" mia, "thao" elfu. Ukiuliza "unasemaje?" bei inaongezeka palepale.

Kijana wa Majengo:

Hiyo ya thao imenisaidia kuliko zote, haha. Mwisho kabisa, kurudi kwa Horohoro naondoka Mombasa saa ngapi ili Jumapili niwe Moshi? Na kuna kitu hakiruhusiwi kubeba?

Njia Panda:

Ondoka Mombasa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe kwenye kivuko cha Likoni. Mtu wa miguu halipi. Msongamano wa kushuka ndio mahali pa vibaka, begi lije kifuani na simu isitoke mfukoni. Ng'ambo, juu ya kivuko, ndiko matatu za Ukunda na Lunga Lunga zilipo. Ukitaka kulala usiku mmoja Diani, shuka Ukunda Ijumaa, uko njiani tayari.

Lunga Lunga usigonge chochote, pita hadi jengo la Horohoro, upande wetu, ndipo wote wawili walipo. Kadi ya njano iwe ndani ya pasipoti.

Cha kubeba: mirungi hapana. Mombasa inauzwa hadharani kwenye vibanda, ni biashara halali kabisa Kenya, na mtu anasahau. Kwetu ni dawa ya kulevya kisheria, hata kifurushi kidogo kilichobaki kwenye mfuko wa suruali ni kesi. Pekua begi mwenyewe usiku kabla ya kusafiri, na mzigo wa abiria mwenzako usiushike, hata kama ni mama na mtoto anasema "nishikie kidogo nivuke". Mifuko ya plastiki nayo imekatazwa pande zote mbili, Kenya tangu 2017, sisi 2019.

Bi Mkoba:

Na ukipotewa na pasipoti kule, ripoti polisi upate karatasi yao, halafu wasiliana na ubalozi wetu. Nakala ya ukurasa wa picha na ya ukurasa wenye muhuri wa Taveta, zote mbili, jitumie kwenye barua pepe siku ya kwanza.

Ukivuka Horohoro kabla ya saa saba mchana, gari za Tanga utazikuta, ni kama kilomita 65. Usijaribu kuunganisha Moshi siku hiyo hiyo, utaishia Segera gizani. Shukia stendi ya Kange, kata tiketi ya kesho yake dirishani kwenye ofisi ya basi kabla hujaenda kutafuta chumba, na uchukue ya alfajiri. Siti za kulia utaona Usambara na Upare njia nzima, ila jua la asubuhi ni la kwako. Kushoto kuna kivuli na mkonge.